Gitaa Lililopewa Alama Tisa

Marehemu alilala kifudifudi, mkono wa kulia umenyooka kuelekea mlangoni. Vidole vyake vilibakiza shubiri moja tu kufika kizingiti.

Inspekta alichuchumaa kando yake bila kugusa kitu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwembamba, mvivu wa kusema. Alifuata kwa macho michirizi ya damu iliyokaukia kwenye vumbi la mbao, kutoka mwilini hadi meza ya kazi. Hatua nne. Kwenye kona ya meza palikuwa na jiliwa la chuma, lile la kubania mbao. Pembe yake ilikuwa na damu, na nywele mbili tatu za mvi.

“Aliangukia pale,” alisema. “Kisha akatambaa hadi hapa.”

“Kwa hiyo hakufa palepale, afande,” alisema Koplo.

“Hakufa palepale. Ndiyo mbaya zaidi.”

Watu wote walimwita Fundi. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ameunda magitaa katika chumba hiki kimoja chenye dirisha pana. Ukutani zilining’inia shingo zisizo na matumbo na matumbo yasiyo na shingo. Mezani, juu ya blanketi safi, magitaa matatu yaliyokamilika yalikuwa yamelazwa sambamba. Kando yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

Mkewe alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, kikapu bado kiko mapajani. Siku tatu alikuwa kwa binti yao, akimsaidia kulea kichanga. Alikuwa amerudi saa mbili asubuhi hiyo, akapitia karakana kabla ya kufika nyumbani, amweleze mumewe mjukuu anafanana na nani.

“Pole sana, mama,” alisema Inspekta. “Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?”

“Hapana. Umerudishiwa tu.”

“Alikuwa na adui?”

“Adui yake alikuwa unyevu. Mbao zikinyonya maji ndipo aligomba. Watu hakuwahi kugombana nao.” Alikaza macho kwenye kikapu. “Hata mjukuu hajamwona.”

Kabla Inspekta hajajibu, mzee mmoja mrefu mwenye ndevu nyeupe aliingia uani kwa haraka. Mjane alipomwona tu, alijitupa kifuani mwake akalia kwa sauti. Alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu wa gitaa katika chuo cha muziki cha pale mjini. Nusu ya wapigaji wote wa mji walikuwa wamepitia mikononi mwake, naye hakuwa na jina jingine zaidi ya Mwalimu. Yeye na Fundi walikuwa marafiki tangu ujana, kabla Fundi hajamwoa dada yake. Mmoja aliunda, mwingine akapiga.

Inspekta alimchukua kando.

“Mara ya mwisho ulimwona lini shemeji yako?”

“Jana mchana. Niliondoka hapa saa nane.”

“Mlikuwa mnafanya nini?”

“Chuo kinataka kununua magitaa ishirini ya wanafunzi. Mimi ndiye niliyeombwa kulinganisha aina tatu. Nilikuja kumwonyesha alama nilizotoa.”

“Hukumwona tena?”

“Kumwona, hapana. Saa kumi nilipita hapa nje. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikamsikia ndani anapiga gitaa taratibu, nikaona nisimkatize. Nikaenda zangu.”

“Una hakika ni yeye?”

“Mkono wa Fundi naujua kama ninavyoujua wangu.”

Alijibu yote bila kusita, macho yake yamekaza usoni mwa Inspekta, kama mwanafunzi anayeogopa kupitwa na neno kwenye imla.

Inspekta alirudi ndani akasoma ile karatasi. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kusahihisha. Kila gitaa lilikuwa limepewa alama kwa mambo matatu: sauti, uundaji, na thamani ukilinganisha na bei.

Valdora, gitaa la kiwanda la bei ya juu, lilikuwa na sauti nane, uundaji tisa, thamani tano. *Gitaa zuri, bei ya kiburi.* Tembo Watatu, la kiwanda pia, la bei nafuu, lilikuwa na sauti tisa, uundaji saba, thamani tisa. *Sauti nzito, imejaa, safi toka uzi wa kwanza hadi wa sita.* La Fundi lilikuwa na sauti tano, uundaji kumi, thamani sita. *Kazi ya mikono haina kifani. Lakini sauti imefifia, hasa kwenye nyuzi nyembamba.*

Alitoka tena na karatasi mkononi.

“Shemeji yako ulimpa tano?”

Mwalimu aliinamisha kichwa. “Haki haina shemeji, afande.”

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi.

“Fuvu limepasuka nyuma. Damu ilivujia ndani polepole. Huyu aliishi nusu saa, pengine zaidi.”

“Aliteleza?”

“Angeteleza, nisingekuta hizi.” Alionyesha madoa mawili ya michubuko kifuani, moja kila upande. “Viganja viwili. Alisukumwa.”

“Saa ngapi?”

“Kati ya saa nane na saa kumi na moja. Usinibane zaidi ya hapo. Maiti haina saa ya ukutani.”

“Angefikishwa hospitali mapema?”

Daktari alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo. “Wapo waliopona kwa jeraha kama hili.”

Koplo aliyabeba yale magitaa hadi chuoni, mawili mikononi na moja mgongoni. Njiani watu watatu walimwomba wimbo.

Mkuu wa chuo aliwapokea katika chumba cha mazoezi. Alikuwa mtu mnene, mpole, macho yamevimba kwa kulia. Aliisoma karatasi mara moja. Akairudia.

“Hii aliiandika Mwalimu?”

“Wewe hujawahi kuiona?”

“Alisema ataileta leo.”

“Basi nisaidie,” alisema Inspekta. “Mimi gitaa silijui. Yapige yote, uniambie unachosikia.”

Mkuu alianza na Valdora. Sauti ilitoka nyororo, imelingana kila mahali, kama kauli ya mtu msomi. “Ubao wa juu ni mmoja mzima, umekaushwa vizuri,” alisema. “Nane ni haki yake. Na bei kweli ni ya kiburi.”

Akachukua la Fundi. Alipogusa tu uzi mwembamba, Koplo aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Sauti ile haikuwa kubwa. Ilikuwa wazi tu, nayo ilikaa hewani muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Mkuu alipiga kifungu kimoja, akashindwa kuendelea. Alifuta uso kwa leso.

“Hili si la tano,” alisema. “Nyuzi nyembamba ndizo zilizompa sifa Fundi. Watu walisafiri kuja kuzisikia hizi.”

Mwishowe akashika Tembo Watatu. Nyuzi nene zilinguruma hadi kiti kikatetemeka. Lakini juu ya ngurumo ile palikuwa na kitu kingine, *zzzz* nyembamba isiyokoma, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Hata Inspekta alikunja uso.

Mkuu aliingiza kioo kidogo kwenye tundu la sauti, akachungulia. “Ndani kuna vijiti vinavyoshikilia ubao wa juu. Sisi tunaviita mbavu. Ubavu mmoja umebanduka gundi. Hii *zzzz* ni wenyewe unacheza.”

“Mwalimu angeweza kutoisikia?”

“Afande, mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeisikia!”

Walipotoka nje, Koplo alikuwa ameshapata jibu. “Hongo, afande. Amekula kwa wakala wa Tembo Watatu. Fundi akagundua, wakashikana.”

“Twende kwa wakala.”

Wakala aliitwa Bei Poa na mji mzima, na duka lake lilijaa magitaa, ngoma na filimbi za plastiki hadi mlangoni. Aliposikia neno hongo, alicheka kwanza, kisha akaona nyuso zao, akaacha.

“Afande, mimi nimhonge mtu halafu nimpe gitaa bovu alisifie? Hata mwizi huiba kwa akili!”

“Ulijua ni bovu?”

“Niliambiwa na kiwanda. Baadhi ya mzigo ule gundi haikushika. Nikampigia Mwalimu simu nimwambie ngoja, nakuletea jingine. Nilipiga mara sita. Hapokei. Yule mzee hapokei simu siku hizi, ukimtaka umwandikie. Nikamwandikia, lakini alikuwa ameshamaliza.”

“Siku hizi tangu lini?”

Bei Poa alikuna kidevu. “Kama miaka miwili hivi.”

Inspekta alimpigia simu mkuu wa chuo, palepale dukani.

“Mwalimu alipiga lini mara ya mwisho na wenzake jukwaani?”

“Imepita zaidi ya miaka miwili. Anasema mkono unamuuma.”

“Na darasani, anafundishaje?”

“Vizuri tu. Huwakalia karibu sana, na huweka kiganja juu ya gitaa la mwanafunzi anapopiga. Sisi tulidhani ndiyo mbinu yake.”

Inspekta alikata simu. Koplo alimwona ameduwaa, akaogopa kuuliza.

*

Alasiri hiyo walimpata mshonaji ambaye chumba chake kilipakana na karakana. Alikuwa amekwenda kupeleka sare za shule mji wa pili, na habari za msiba zilimkuta njiani. Alizungumza akijipigapiga mapaja.

“Jana niliwasikia. Kwanza magitaa, moja baada ya jingine. Kisha maneno. Sauti ya Fundi ilikuwa juu, lakini si ya hasira, ya mtu anayesihi. Kisha kishindo.”

“Kishindo gani?”

“Nilidhani ubao umeanguka. Kule ndani huanguka mbao kila siku! Halafu nikamwona Mwalimu anapita hapa dirishani kwangu. Na Fundi anamwita.”

Inspekta aliinua kalamu. “Anamwita vipi?”

“‘Shemeji! Shemeji!’ Mara tatu, pengine nne. Na Mwalimu huyo, hata shingo hakugeuza. Nikasema moyoni, makubwa! Mzee mzima anamsusia mwenzake hivi? Kisha nikawasha cherehani.” Alianza kulia. “Ningetoka nikachungulie. Hatua kumi tu, afande.”

“Ilikuwa saa ngapi?”

“Saa nane na nusu haijafika.”

Nje, Koplo aliuma meno. “Alimsikia anaita, akamwacha afe. Mnyama yule!”

“Kesho mlete kituoni,” alisema Inspekta. “Mlete taratibu. Na lile gitaa la Tembo Watatu uliweke kwenye benchi la ukumbini, nje ya ofisi yangu.”

Mwalimu alifika saa tatu asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi. Inspekta alimkaribisha kiti, akaketi mbele yake, na kwa muda walizungumza habari za mazishi. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa.

“Turudi kwenye saa kumi,” alisema. “Ulimsikia Fundi akipiga. Mlango umerudishiwa.”

“Ndiyo.”

“Alikuwa anapiga nini?”

“Kitu cha zamani. Tulikuwa tunakipiga tukiwa vijana.”

“Samahani, Mwalimu. Koplo wangu ameanza kujifunza gitaa, na nimemwambia apige hapo nje, upate kumsaidia. Unamwonaje?”

Mwalimu aligeukia mlango. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho kidogo, na tabasamu la upole likamjia, lile lililowapa moyo watoto wa watu kwa miaka arobaini.

“Anajitahidi,” alisema. “Mkono wa kulia mzito kidogo. Atazoea.”

Inspekta aliinuka, akafungua mlango.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Gitaa lilikuwa limelala peke yake kwenye benchi, na Koplo alionekana kwa mbali, ng’ambo ya barabara, anapata chai.

Mwalimu alilitazama lile gitaa muda mrefu. Tabasamu lilimtoka polepole, kana kwamba lilikuwa likitafuta pa kwenda.

Inspekta alirudi akaketi mbele yake, uso kwa uso, akatamka maneno yake kwa utaratibu.

“Tangu lini?”

“Mwaka wa tatu sasa,” alisema Mwalimu. “Zilianza kuondoka sauti nyembamba. Ndege. Kengele ya baiskeli. Wajukuu. Kisha nyingine. Mtu akikaa mbele yangu namsoma mdomo. Gitaa nalisikia kwa kifua na kiganja.”

“Ndiyo maana Tembo lilipata tisa.”

“Lilinguruma mwilini mwangu. Nikafurahi. Nilidhani nimepata gitaa zuri kwa watoto maskini.” Alikunjua mikono mitupu. “Na lile la Fundi… nililikumbatia, afande, nikalipiga, halikuniambia kitu. Nikasema amezeeka, mkono umempotea. Nilimwonea huruma! Mimi nilimwonea huruma yeye.”

“Niambie ya juzi.”

“Alisoma karatasi, akacheka, akadhani mzaha. Akalipiga Tembo mbele yangu. Akasema, husikii huo mkwaruzo? Nikasema, mkwaruzo gani? Akanitazama. Akageuka, akanipa mgongo, nadhani alisema kitu, kisha akanigeukia tena. Nikaona machozi. Akasema, shemeji, wewe husikii.”

Mwalimu alinyoosha kola ya shati lake.

“Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali. Alisema twende kwa mkuu leo hii, tumwambie, tutafute daktari, tuandike karatasi upya. Nikamwomba aninyamazie. Akasema, ukitoa alama hizi watoto ishirini watajifunzia magitaa mabovu, na siku watakapokujua utaaibika mbele ya watu. Bora tuseme wenyewe. Akachukua simu. Nikamshika. Akajitoa. Nikamsukuma kwa mikono miwili.”

“Kisha?”

“Kisha nikageuka nikatoka. Sikumwona akianguka. Nilikuwa nimeshampa mgongo.” Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua, na askari wawili walichungulia mlangoni. “Sikusikia akianguka, afande! Niliondoka na hasira zangu kama mtoto. Saa kumi nilirudi nimwombe radhi. Nikamkuta pale mlangoni.”

“Kwa nini hukuita mtu?”

“Ningeita, wangeuliza tuligombania nini.” Alijifunika uso. “Hiyo tu. Niliogopa waulize tuligombania nini. Nikaurudisha mlango. Nikaenda nyumbani, nikatunga habari ya kusikia gitaa, ili mtu yeyote asifikirie kwamba sisikii.”

Inspekta aliandika mistari michache, akaweka kalamu chini. Alidhani yamekwisha. Lakini Mwalimu aliondoa mikono usoni.

“Kutoka mezani hadi mlangoni ni mbali,” alisema. “Alitambaa. Ananifuata mimi?”

Inspekta alianza kukusanya karatasi zake.

“Afande. Aliniita?”

Angeweza kusema hajui. Alikuwa amewahi kudanganya watu wabaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi. Lakini mzee huyu alikuwa anaangalia mdomo wake, hata pumzi yake angeisoma.

“Ndiyo,” alisema. “Aliita shemeji. Mara tatu au nne.”

Mwalimu hakulia. Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayesahihishwa na kuona kosa lake mwenyewe. Kisha akaomba kalamu atie sahihi.

*

Mjane alipata habari kwa Inspekta mwenyewe, nyumbani kwake, jamaa wakiwa chumba cha pili wanapanga viti. Alisikiliza hadi mwisho.

“Nilijua hasikii,” alisema. “Mimi ni dada yake. Nilijua kabla yake yeye.”

“Hukumwambia mumeo?”

“Kaka aliniapisha. Nikasema moyoni, ni aibu ndogo ya mzee, inamdhuru nani?” Alivuta upande wa khanga, akaung’ata. “Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilisaidia kuficha. Ningesema mwaka jana, afande, leo wale wawili wangekuwa karakanani wanabishana.”

Mwalimu alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia na kwa kudanganya polisi. Kabla hajapelekwa mahakamani aliomba jambo moja, na mkuu wa kituo, baada ya Inspekta kusimama mbele ya meza yake na kukataa kuondoka, aliliruhusu.

Alizikwa Fundi saa nne asubuhi. Mwalimu alisimama nyuma ya watu wote, Koplo kushoto kwake na Inspekta kulia, pingu zimefunikwa kwa koti. Wengine walimgeuzia kisogo. Mkuu wa chuo alimtazama, akataka kusogea, akashindwa.

Wanafunzi wa chuo walianza wimbo wa kuaga, na watu wote wakaupokea. Mwalimu aliona midomo ikifunguka. Akainua kichwa, akafumba macho, akaimba nao kwa sauti yake nene, ya kweli, isiyoyumba hata kidogo.

Ubeti ulikwisha. Waimbaji wakanyamaza. Makoleo yakashikwa.

Mwalimu aliendelea. Macho yamefumbwa, peke yake, akaingia ubeti wa pili. Watu wakaanza kugeuka. Koplo alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa: mwache. Mmoja wa ndugu wa marehemu alikohoa kwa ukali, kana kwamba kikohozi kingemfikia.

Ndipo mjane alipotoka mbele, penye kaburi. Alipita katikati ya watu, wakampisha. Alifika kwa kaka yake, akaingiza mkono chini ya lile koti, akashika mikono yake yenye pingu.

Mwalimu alifumbua macho, akaona umati wote umefunga mdomo, akajua.

Dada yake hakumwachia. Alisimama pale pale karibu naye, wakausikiliza udongo ukishuka, yeye kwa masikio, na kaka yake kwa nyayo za miguu.